Sahani ya Msafiri

Jumatatu hiyo asubuhi, Mama Claudine alifunua sahani ya mumewe akaikuta tupu.

Haikuwa tupu ya kumwagwa, wala ya kuibiwa na paka. Ilikuwa imelambwa ikang'aa, na alipoigusa ilikuwa na joto, kama bati lililoshinda juani. Na mji mzima wa Kindu haukuwa umeliona jua tangu Ijumaa, kwa mvua iliyokuwa ikipiga bila kupumua.

"Ange," aliita, "weye njo ulikula chakula ya papa yako?"

Binti yake alitoka chumbani akifunga kitenge. "Miye, mama? Ile sombe ya bila chumvi? Nani anaweza kula ile?"

Kweli, nani? Kuku wenyewe walikuwa wakiisusia sombe hiyo ya majani ya muhogo. Kila asubuhi kwa miaka mingi Mama Claudine alikuwa akiwamwagia kile kilicholala kwenye sahani ile, na kila asubuhi kuku walikuja mbio, wakanusa, wakaondoka zao. Yeye aliwacheka tu na kusema kuku wa mtaa wa Kasuku siku hizi wana maringo. Mtu akishazoea jambo, hata likimpigia kelele halisikii.

Sahani yenyewe ilikuwa na kisa. Mwaka wa tisini na tisa, waasi walipokuwa wameushika mji, treni ililala relini mpaka nyasi zikaota chini ya mabehewa, na mashua za mtoni hazikupanda wala kushuka. Dawa hazikufika, sabuni haikufika, na chumvi ndiyo iliyoadimika kuliko vyote. Kijiko kimoja cha chumvi kilitosha kuwa zawadi ya harusi. Djamali, mume wa Claudine, alikuwa fundi wa reli asiyekuwa na reli ya kutengeneza. Kutwa alikaa kibarazani akisimulia Pwani. Babu ya babu yake alikuja Maniema na misafara ya watu wa Pwani, na Djamali aliisimulia Tanga kama aliyeiacha jana, ingawa hakuwahi kupita Kasongo, mle mle Maniema.

"Kule jua inawaka mwaka muzima," alimwambia mkewe. "Chumvi inajianika yenyewe kando ya bahari, watu wanaikanyaga na miguu. Tutaenda kuishi kule, Claudine. Na miye naapa, sitaonja tena chumvi mpaka siku tutaionja pamoja, weye na miye, miguu ndani ya maji."

Akaondoka mwezi wa saba pamoja na rafiki yake Florentin, watu wawili kwa baiskeli moja, baiskeli ya Djamali. Alivaa shati la buluu ambalo Claudine alilishona kwa mkono wake, kifungo kimoja chekundu kwa sababu cha buluu kilikosekana. Claudine alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Baada ya miezi minane Florentin alirudi peke yake, na baiskeli, na doti ya kitenge.

"Shemeji, furahi," alisema. "Djamali alifika Tanga. Iko muzima, iko anajenga. Kitenge hii njo yeye alituma. Anasema umungoje. Na umuwekee sahani yake."

Katika nyumba ile msafiri huwekewa sahani. Chakula kikiiva, fungu lake hutengwa na kufunikwa, ili asishinde njaa huko aliko na ajue nafasi yake haijachukuliwa. Habari ya kifo ikija, siku ya matanga sahani hugeuzwa kifudifudi, basi, haitumiki tena. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Watu wa nyumba ile walilikataa neno hilo kwa wali na sombe. Na kwa kuwa Djamali aliapa, Claudine alimpikia fungu lake pasipo chumvi. Vita vilipokwisha na chumvi ikajaa sokoni magunia kwa magunia, hakubadili. Kiapo ni kiapo.

Miaka ikapita ishirini na minne. Florentin akafungua duka karibu na bandari, akanenepa, akaoa. Kila mwaka alileta salamu: msafiri fulani amepita, amemwona Djamali, mambo bado kidogo, subiri. Alikuja kula kwa Claudine kila sikukuu na kusifia mapishi. Wanaume wawili waliomba kumwoa, akawarudisha. Subira yavuta heri, alijiambia, na hakuna aliyemwambia kwamba subira huvuta na mengine.

Jumatano ya wiki ile ile, saa moja jioni, simu ya Ange iliita. Namba haikuonekana. Ange alipokea, kioo kikajaa mwanga mkali hadi ukuta wa nyuma yao ukang'aa, na katikati ya mwanga ule alikuwa mwanamume anayecheka.

"Ange," alisema. "Mutoto yangu. Niite mama yako."

Claudine alishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa Djamali. Pua yake, pengo lake la jino la juu, namna yake ya kuinamisha kichwa kabla ya kusema. Nyuma yake maji yalitanda mpaka mwisho wa macho, meupe kwa jua, na kulikuwa na sauti inayokuja na kurudi, inayokuja na kurudi, kama umati wa watu wanaopumua usingizini. Claudine hakuwahi kuisikia bahari, lakini alijua ndiyo hiyo. Alilia mpaka akashindwa kuuliza lolote. Usiku huo mama na mtoto walilala kitanda kimoja kwa furaha, wakipanga nguo za kuchukua.

Simu ikawa ya kila jioni, na furaha ya Claudine ikaanza kuingia mchanga.

Kwanza ni jua. Kindu ilikuwa giza, wadudu wameshaizunguka taa, lakini kwa Djamali jua lilikuwa utosini. Si jua la kuchwa, bali la saa sita kamili, na yeye amesimama juu ya mchanga bila kivuli. "Kule saa njo tofauti, mama," Ange alisema. Pili ni shati. Lilikuwa la buluu, na kifungo chekundu, na rangi haijapauka. Claudine alifua nguo maisha yake yote, akajua hakuna shati linalokaa miaka ishirini na minne juani likabaki hivyo. Na uso uliokuwa ndani ya shati nao haukupauka. Yeye alikuwa na mvi. Mumewe alikuwa na miaka thelathini na moja.

Tatu ni Ange, na hapo ndipo hofu ilipomshika mama huyo. Binti alikuwa akiungua. Msimu wa mvua, ndani ya nyumba, ngozi ya pua yake ilibambuka na midomo ikapasuka kama ya mtu aliyelima mchana kutwa bila kofia. Alikataa chakula akisema chumvi inamchoma, akaenda jikoni kupakua kwenye sufuria ndogo alimopikiwa baba yake, akala kwa vidole na kulamba. Na jioni ya Jumanne, taa ikiwa mezani, Claudine aliona ukutani kivuli chake mwenyewe, na cha kiti, na cha birika, ila pale alipokaa Ange ukuta ulikuwa mweupe mtupu.

"Papa anasema hakuna haja ya pasipoti," Ange alisema usiku huo, akitabasamu kwa midomo iliyopasuka. "Atakuja kunichukua yeye mwenyewe. Jumamosi, saa sita ya mchana, pale chini kwenye mto. Niingie tu ndani ya maji kidogo, ataniona."

"Hautaenda!"

"Uliishi na papa, mama. Miye sijaishi naye hata siku moja. Unataka kuninyima?"

Alhamisi Claudine alimwita Florentin, kwa sababu ndiye aliyemwona Djamali Tanga kwa macho yake. Yeye angejua kama huyu ndiye. Florentin alikuja saa moja kasoro, tumbo mbele, akacheka, akapewa kiti na chai.

"Djamali anapiga telefone?" aliuliza, na kicheko kikamkauka. "Djamali gani?"

Simu ikaita. Ange akaipokea na kuigeuza. "Papa Florentin, umusalimie papa."

Mwanga ukampiga Florentin usoni. Yule wa kwenye simu akainamisha kichwa, akamtazama kwa muda, sauti ya bahari ikija na kurudi.

"Florentin," alisema kwa upole. "Baiskeli yangu iko wapi?"

Kikombe kilimponyoka Florentin kikavunjika. Alitoka nje akijikwaa kizingitini, na Claudine akamfuata, akamkuta nyuma ya jiko amechutama kwenye matope.

"Huyu si Djamali," Florentin alinong'ona. "Shemeji, hawezi kuwa yeye."

"Unajua namna gani?"

"Hatukufika Tanga. Hata ziwa hatukuliona." Alifunika uso. "Mbele ya kufika Kabambare, kuhara ilimukamata. Damu. Hakuweza kusimama. Tuliingia ndani ya nyumba moja, watu walikuwa wameikimbia. Nilimwachia maji ndani ya bidoni. Nikamwambia, ngoja, naenda kutafuta watu wa kukubeba. Nikachukua baiskeli."

"Ukarudi naye?"

"Bunduki zilikuwa zinalia. Nilikuwa na woga."

"Ulirudi, Florentin?"

"Hapana."

Claudine alisimama pale mvua ikimwingia shingoni. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Ya mwongo huyu ilikuwa ya kutoka Kabambare hadi Kindu tu, lakini yeye aliitembea miaka ishirini na minne. Claudine alikumbuka doti ya kitenge, namna alivyoivaa na kuringa nayo kanisani. Alikumbuka sikukuu zote, mtu huyu akinawa mikono kwenye beseni lake, akila wali wake, huku sahani ya yule aliyemwacha ikiwa imefunikwa hatua mbili kutoka mkononi mwake. Florentin angemwambia ukweli tu, Claudine angelia mwaka mmoja, miwili, kisha angeishi. Alimchukia Florentin.

"Na sahani?" aliuliza. "Djamali alikuambia nimuwekee sahani?"

"Miye njo nilisema. Ili uamini."

Asubuhi ya Ijumaa Claudine alikwenda kwa Mwalimu Kassim, mzee anayefundisha watoto Kurani na kuwasomea wagonjwa, aliyewahi kukaa Tanga miaka sita ujanani. Kassim alisikiliza mpaka mwisho. Alipoambiwa habari ya jua, alitikisa kichwa.

"Tanga na hapa, saa moja tu njo inapita kati, mama. Hapa giza, kule giza zaidi. Yule amechagua saa sita kwa sababu saa sita hata muntu wa kweli kivuli yake iko chini ya miguu, haionekani. Njo saa ya wasio na kivuli kutembea."

"Njo roho ya Djamali?"

"Hapana. Djamali amelala, Mungu amuhurumie. Marehemu hapigi kelele." Alishusha sauti. "Uliweka chakula kila jioni, bila chumvi, kwa jina ya muntu asiye hai. Chakula ya bila chumvi njo karamu ya majini. Mwaka wa kwanza alikula harufu. Kisha akala ladha, njo maana kuku walikataa. Sasa amekula mpaka sahani, amevaa na sura. Anayekula kwako miaka yote hii atakosa kujua siri zako? Na sasa anadai muntu."

"Tufanye nini?"

"Kile hakikufanywa. Matanga. Na Florentin awepo, yeye njo aliyeleta uongo."

Jumamosi walifunga mlango na madirisha tangu saa nne. Mvua ilikuwa imekatika, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi jua lilichomoza, likapasha bati hata nyumba ikawa tanuri. Mkeka ulitandikwa. Katikati ikawekwa sahani, wali na sombe ya bila chumvi, na kando yake bakuli la chumvi. Kassim aliketi akisoma kwa sauti ya chini. Florentin aliketi kando ya mlango, amepungua kama mtu aliyeugua mwezi mzima. Ange walimweka pembeni, na Claudine alimshika kiuno kwa mikono yote miwili, kwa sababu tangu alfajiri binti alikuwa akiinuka na kusema, "Ananingoja, mama, maji yatamchosha."

Jua lilipofika utosini, simu ilijifungua yenyewe.

Mwanga wake uliipita mianya yote ya nyumba, na sauti ile ikaanza, inakuja na kurudi, inakuja na kurudi, lakini haikutoka tena kwenye simu, ilitoka nyuma ya mlango, na chini ya mlango ukaingia mchanga mweupe, mkavu, mwembamba kuliko unga, ukajitandaza sakafuni mpaka kwenye ukingo wa mkeka, na harufu ya kitu kibichi kilichooza juani ikawajaa puani, na Ange akaanza kuvuta kuelekea mlangoni kwa nguvu isiyokuwa yake, hata kucha za mama yake zikamwingia ubavuni na damu ikatoka.

"Claudine," sauti ya Djamali iliita mlangoni. "Fungua. Nilikuahidi bahari."

"Sema, mama," Kassim alinong'ona. "Sema sasa."

"Mume wangu amekufa," Claudine alisema. Hakuwahi kuliweka neno hilo mdomoni, na lilimuuma meno. "Djamali alikufa njiani, wakati wa vita."

"Nani alimuona akifa?" sauti ya nje iliuliza.

Wote walimgeukia Florentin. Jasho lilimchuruzika mpaka kidevuni.

"Nilimwacha anapumua," alisema mwishowe.

Kilichokuwa nje kikacheka, taratibu, kwa kicheko kile kile cha kibarazani cha zamani. "Hakuna aliyeona. Hakuna aliyelia. Sahani iliwekwa kila siku, njo nikaja. Ulikuwa unamulisha nani miaka ile yote, Claudine?"

Swali hilo lilimkata Claudine kuliko kucha zake zilivyomkata Ange. Alimwachia Ange mkono mmoja, akauzamisha ndani ya bakuli, akatoka na ngumi ya chumvi.

"Nilikuwa namulisha Djamali," alisema, na sasa alikuwa akilia kwa sauti, kilio alichonyimwa tangu ujana wake. "Weye uliiba. Djamali, baba Ange, nisamehe! Ulikufa peke yako na miye nilikuwa navaa kitenge!"

Akaimwaga chumvi yote juu ya chakula. Akala tonge la kwanza, uchungu wa chumvi ukimchoma koo, akafanya la pili akalisogeza mdomoni mwa binti yake.

"Kula, mutoto wangu. Papa yako hayuko. Kula ujue."

Ange aliyafunga meno. Nje sauti ya baba ilimwita kwa upole uliozidi wa mama yeyote duniani. Akamtazama mama yake, mvi zake, kinywa chake kilichojaa chumvi na machozi. Akafumbua mdomo, akatafuna, akameza, akapiga ukelele kama aliyemeza kaa la moto. "Hayuko?" aliuliza. "Hakuwahi kuwako?" Akamwangukia mama yake kifuani, wakalia pamoja. Kassim akaigeuza sahani kifudifudi.

Kwenye simu jua likazimika. Kwa mara ya kwanza huko kulikuwa giza. Kutoka ndani ya giza sauti ilisema neno moja tu, nayo haikuwa tena ya Djamali wala ya mtu yeyote.

"Florentin."

Kisha kimya. Mchanga sakafuni ulikuwa vumbi la kawaida, na chini ya miguu ya Ange kulikuwa na kivuli kidogo, cheusi, cha saa sita.

Mwalimu Kassim alipitisha bakuli ili kila aliyekuwemo aonje chumvi, na lilipofika kando ya mlango hapakuwa na mtu. Florentin alikuwa ameshatoka, kwa aibu au kwa woga. "Mumuite arudi aonje, ile kitu iliita jina yake," mzee alisema. Claudine alisikia. Alikuwa amemshika mtoto wake, na moyo wake ulikuwa haujampoa. Mwache aende, aliwaza. Hakumwita.

Matanga yalikaliwa siku tatu. Ange alianza kula, ngozi yake ikapona. Claudine alilala usingizi ambao hakuwahi kuulala tangu vita. Siku ya tisa, asubuhi na mapema, Élisabeth, mke wa Florentin, mwanamke mpole asiyejua lolote la Kabambare, alibisha hodi. Alikuwa amevaa kitenge kipya na uso umemng'aa.

"Ya Claudine, dada yangu, nimekuja kukuuliza kitu, weye njo unajua hizi mambo za desturi," alisema akiketi. "Florentin alisafiri. Jumatatu, saa sita ya mchana, alitoka na ile baiskeli yake ya zamani, nikafikiri anaenda tu bandarini, nikamutafuta siku zote hizi. Kumbe alienda kuishi Pwani, akafungue nafasi, kisha anichukue. Alinipigia jana jioni. Giza iko hapa, lakini kule, mama, jua inawaka mpaka macho inauma!"

Claudine aliweka chini ungo wa mchele.

"Anasema kila siku nimuwekee sahani yake," Élisabeth alisema, akicheka kidogo. "Ila nisitie chumvi."